Kipimo cha Mwezi wa Nne

Wadogo zangu wa ofisini, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyestaafu ndiye anayehitaji kujua saa. Mkaniomba pia niandike kumbukumbu za kazi yangu ya ukaguzi wa umeme majumbani, ili vijana wajifunze. Saa nimeitundika jikoni. Kumbukumbu ndizo hizi, na sidhani kama ndizo mlizozitaka. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini na mgeni rasmi alikuwa nani, akasome faili langu. Limejaa mambo hayo.

Nilifika Kilosa nikitokea chuo cha ufundi, mwanamke pekee katika ofisi ya wanaume saba. Siku ya kwanza mkuu wangu alinionyesha meza, kisha akanionyesha birika. Nilipika chai siku tatu mfululizo na cheti changu cha ufundi umeme kikiwa ndani ya mkoba. Siku ya nne mzee mmoja aliyekuwa amekaa kimya pembeni akaweka kikombe chini na kusema, "Chai ya huyu binti ni mbaya mno. Mpeni kazi aliyoisomea kabla hajatuua." Huyo alikuwa Mzee Chilongola. Chai yangu ni nzuri, na hata yeye aliinywa mpaka tone la mwisho.

Mzee Chilongola alijifunzia umeme kwenye mashamba ya mkonge, enzi zile mitambo ya kuchakata ikinguruma mchana kutwa. Kisagara alizungumza na mkewe, Kiswahili na sisi, na Kiingereza na mashine iliyokataa kuwaka. Ndiye aliyenifundisha kutumia kipima-ethi, chombo cha kupima njia ya umeme kwenda ardhini. Ninyi leo mna kidude cha kuweka mfukoni kinachotoa namba kwenye kioo. Chetu kilikuwa sanduku zito lenye mpini wa kuzungusha, nyaya ndefu na vijiti viwili vya chuma vya kuchomeka ardhini. Unazungusha mpini mpaka mkono unakufa ganzi, huku unatazama mshale. Mshale ukisimama kwenye namba ndogo, ethi ni nzuri: umeme ukivuja kwenye bomba au kwenye pasi, utakimbilia ardhini. Ukienda kwenye namba kubwa, umeme huo utabaki palepale juu ya chuma, ukimsubiri mtu.

Somo lake kubwa halikuwemo kwenye kitabu chochote nilichosoma chuoni. "Mwezi wa nne," aliniambia, "hata ukichomeka mwiko wa ugali utapata ethi nzuri. Ardhi imelowa, itakubali chochote. Njoo mwezi wa kumi, udongo umekauka mpaka umepasuka, ndipo utajua fundi alifanya kazi au alicheza." Tatizo ni kwamba kwetu kila mtu hujenga kiangazi na kumaliza masika yakianza. Maombi ya ukaguzi yalikuwa yanatufikia mwezi wa tatu na wa nne, matope yakiwa magotini. Kwa hiyo Mzee alikuwa na utaratibu wake. Masika alipima na kutia sahihi kwa penseli. Nyumba iliwashwa umeme, maana kila mtu alimjua na kumwamini. Mwezi wa kumi alirudi na sanduku lake, akapima tena. Ikiwa sawa, alipitisha wino juu ya penseli. Ikiwa mbaya, alifuta kwa mpira mbele ya macho ya mwenye nyumba. Nimewahi kuona mtu mzima mwenye maduka mawili akimfuata nyuma akisema, "Mzee wangu, usifute, leo hii nachimba nyingine."

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Nisijifanye mtakatifu, na mimi nilifurahi. Tulikuwa tumechoka kupanga foleni ya sabuni, na ghafla maduka ya Kilosa yakawa na kila kitu, hata taa za rangi. Ila pamoja na sabuni zilikuja nyaya za umeme zilizoandikwa unene huu nje na ndani zikawa nyembamba kama uzi wa kushonea. Zilikuja swichi zilizoyeyuka. Mafundi wa wayaringi waliota kama uyoga. Na wakati kazi ya kukagua ilipoongezeka mara tatu, serikali ikasema wafanyakazi wamezidi, wapunguzwe. Siwezi kuieleza hesabu hiyo hata leo.

Mzee Chilongola alikuwa wa kwanza kwenye orodha. Barua yake ilikuja Ijumaa, imekunjwa vizuri, na jina lake limekosewa. Hakulalamika. Aliniita kwenye meza yake, akanikabidhi lile sanduku, na juu ya sanduku akaweka kipande cha penseli kilichobaki urefu wa kidole gumba. "Mwezi wa kumi, Rehema," alisema. Akaenda zake Mabwerebwere, akafungua kibanda cha kutengeneza pasi na redio.

Mwaka uliofuata, masika, tukaitwa Mikumi. Kando ya barabara kuu alikuwa amejenga Bwana Mwinuka, mtu wa magari ya mizigo aliyehamia kwenye biashara ya nyumba za wageni. Ilikuwa nyumba ya vyumba thelathini, yenye kisima cha pampu ya umeme, tangi juu ya mnara na mabomba ya chuma. Nyuma, mwisho wa bomba, alikuwa amejenga birika refu la saruji la kunyweshea ng'ombe, maana wafugaji wa uwanda ule walikuwa wanahangaika na maji. Kwa hilo nilimsifu. Tulifika tumechafuka matope, gari tumelisukuma mara nne kutoka kijiji cha Ulaya. Nikachomeka vijiti, vikazama kama kisu kwenye ndizi mbivu. Nikazungusha mpini. Mshale ukasimama kwenye sita.

"Sita!" Bwana Mwinuka alishangilia, ingawa hakujua sita ya nini.

Nikatoa penseli. Mkuu wangu, ambaye siku hiyo alikuwa amekuja kwa sababu palikuwa na chakula, akanishika mkono. "Hapana, dada. Penseli imestaafu na mwenye penseli yake. Hawa ni wawekezaji, hawasubiri kiangazi. Hati inatakiwa kwa wino, leo."

Nilitia wino. Hakunitishia, hakunipa kitu. Nilitia kwa sababu mkubwa amesema na kwa sababu nilikuwa na njaa. Kwenye daftari langu nikaandika: "Mikumi, nyumba ya Mwinuka, omu 6, ardhi imelowa. Rudi mwezi wa kumi." Nikajiona mwaminifu sana kwa kuandika hivyo.

Mwezi wa tisa akaja ofisini mfugaji mmoja, Bwana Moreto, amevaa shuka jekundu na ameshika fimbo. Alikuwa ametoka mnadani. Ninyi hamkuiona ofisi yetu wakati huo. Mfugaji akiingia, watu walifungua madirisha.

"Mama, nina shida ya umeme," alisema baada ya kusalimia.

"Una mita?"

"Sina mita. Nina ng'ombe."

Ofisi nzima ililipuka kwa kicheko. Alingoja tumalize. Kisha akaeleza, taratibu, kwamba ng'ombe wake wanakataa maji kwenye birika la Mwinuka. Wanafika na kiu, wanainamisha vichwa, pua ikigusa tu wanaruka nyuma. Wale waliokunywa masika bila taabu sasa hawalisogelei. "Mle ndani ya maji kuna kitu," alisema. "Ng'ombe hawezi kukataa maji kiangazi bila sababu."

Sikilizeni hapa vizuri, maana kazi yangu yote imo kwenye dakika hii. Nilikuwa na cheti. Nilikuwa nimefundishwa na Mzee Chilongola. Ng'ombe ana miguu minne ardhini na pua mbichi, anahisi umeme mdogo ambao sisi wenye kandambili hatuuhisi. Nililijua hilo. Lakini fomu yetu ya malalamiko ilidai namba ya mita, na mtu huyu alinuka maziwa, na wenzangu walikuwa wananitazama kuona nitamwondoaje. Nikachukua karatasi nikaandika: "Kwa Bwana Mifugo. Mhusika ana ng'ombe wasiokunywa maji. Tafadhali msaidie." Nikatia sahihi, nikagonga mhuri. Alipotoka tulicheka tena.

Baada ya wiki mbili alirudi. "Bwana Mifugo amewapa dawa ya minyoo," alisema. "Dawa wamekunywa. Maji bado hawanywi." Nikamwambia avumilie, mwezi wa kumi nitafika mwenyewe.

Mwezi wa kumi ukaanza. Gari lilikuwa gereji, kisha likaenda kupokea wageni, kisha likarudi gereji. Sikupanda basi. Siku ya kumi na mbili ikaja habari kwamba mfanyakazi wa nyumba ya Mwinuka amekufa.

Aliitwa Mwajuma, wa Ruhembe, mama wa mtoto mmoja wa kike wa miaka mitatu. Kazi yake ilikuwa kufua mashuka. Asubuhi ile alivua kandambili zisilowe, akashika bomba la uani kufungua maji, na hakuliachia tena. Wenzake walisema tangu mwezi wa nane alikuwa akilalamika kwamba bomba linamchomachoma vidole, na Bwana Mwinuka alimwambia ni ganzi, apunguze kulalia mkono.

Safari hii nilipanda basi. Nilifika kesho yake na sanduku mapajani. Udongo kwenye nondo ya ethi ulikuwa umeachana na chuma, nafasi ya kuingiza kidole. Nilizungusha mpini, mshale ukaenda mpaka mwisho wa kioo na kukwama huko. Pampu ilikuwa inavujisha umeme kwenye bomba zima, mpaka birikani, na haukuwa na pa kwenda. Nikaandika namba kwenye daftari, nikaandika tarehe, na hata leo maandishi yale sitaki kuyatazama. Niliporudi Kilosa nilipitia Mabwerebwere, nikamweleza Mzee Chilongola yote. Aliendelea kukaza skrubu za pasi ya mtu mpaka zote zikakaza. Kisha akauliza wakubwa wa mkoani wanakuja lini kuchunguza.

Walikuja baada ya siku nne. Siku nne zinatosha. Pampu ilikuwa mpya, inang'aa. Na kuzunguka nondo ya ethi udongo ulikuwa mweusi, umelowa, kiangazi kile ambacho hata mbwa walikuwa wanalamba bomba. Asubuhi hiyo, kabla hatujaondoka Kilosa, mkuu wangu alinisogelea na kuniambia kwa upole, "Dada Rehema, orodha ya wanaopunguzwa bado haijafungwa. Hati ya nyumba ile ina sahihi yako, siyo yangu. Ukiiharibu, umejiharibu mwenyewe."

Wakaniambia nipime mbele yao. Nikapima. Nane. "Safi kabisa," akasema mmoja, akaandika.

Mzee Chilongola alikuwa amekuja kwa basi, amevaa koti lake la kazi lililobanduka nembo. Alipita katikati yao, akapiga magoti kwenye nondo, akachota udongo kidogo kwa kidole na kuuweka ulimini. Akautema.

"Chumvi," alisema. "Wamemwagia maji ya chumvi, ndoo nyingi. Rudini baada ya wiki mbili mpime tena."

"Mzee, wewe ni nani?" akauliza mkubwa wao.

"Nilikuwa mkaguzi hapa."

"Ulikuwa."

Mzee akanigeukia mimi. Hakupandisha sauti. "Rehema, toa daftari lako."

Daftari lilikuwa kwenye mkoba, mkoba ulikuwa begani. Wote wakanitazama. Nyuma ya ua alikuwa amesimama mama yake Mwajuma, Bi Salma, na mtoto mgongoni, na kando yake Bwana Moreto na fimbo yake. Nikawaza watoto wangu wawili na mume wangu ambaye shamba la mkonge lilikuwa limeshamfukuza. Nikasema, "Vipimo ni hivyo vilivyoonekana leo."

Mzee Chilongola aliinuka, akapangusa magoti, akaenda kusubiri basi. Aliishi miaka sita baada ya hapo. Kila nilipopita kibandani kwake na kumwambia shikamoo, alijibu marahaba, kama alivyomjibu mpita njia yeyote, na hakuwahi tena kunitaja kwa jina.

Ripoti iliandikwa kwamba mfumo wa umeme ulikuwa salama, na kwamba marehemu, kwa maelezo ya mwajiri wake, alikuwa na kifafa. Bwana Moreto ndiye pekee aliyenisemesha siku ile. "Mama, ng'ombe walikataa," alisema. "Ng'ombe hawakusoma. Wewe ulisoma."

Mimi orodha ilinipita. Nilibaki ofisini mpaka nikastaafu. Niliwafundisha ninyi wote kupima mwezi wa kumi, na mkanipa jina la utani la Mama Kiangazi mkidhani sijui. Nimefungia nyumba Kidodi, nimekatia umeme baa ya diwani, nimelala kwenye matope ya Masanze kwa sababu ya mashine ya kusaga yenye waya mbovu. Mlinisifu kwamba siogopi mtu. Mimi nilikuwa nachukia, na niliyemchukia nilikuwa naye ndani ya koti langu. Kila mlipopiga makofi nilitamani kuwafukuza chumbani.

Wiki tatu baada ya kukabidhi ofisi nilipanda basi la kwenda Ruhembe. Nilipata nyumba ya Bi Salma karibu na mashamba ya miwa. Amezeeka, macho yana ukungu. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akaniwekea kigoda na maji ya kunywa. Alinitambua kwa sauti. Nilimweleza kila kitu, pampu, chumvi, daftari. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kipigo.

"Kwa hiyo hakuwa na kifafa," alisema.

"Hakuwa nacho, mama. Ni umeme."

"Mimi nilijua. Nimemzaa mimi." Akageukia mlangoni. "Zaituni! Njoo hapa. Rudia, mwanangu. Rudia polepole asikie."

Zaituni ndiye yule mtoto wa mgongoni, sasa mwanamke mzima wa zaidi ya miaka thelathini. Nikarudia. Alisikiliza akiwa amesimama, mikono ina unga. Bi Salma ndiye aliyenieleza yaliyobaki, mambo ambayo hayakuwemo kwenye ripoti yoyote. Wachumba wawili walileta posa kwa Zaituni, na mara zote mbili ndugu zao walikwenda kuulizia Mikumi, wakaambiwa mama yake alikufa kwa kifafa, hata serikali iliandika. Posa zikarudi. Watu wa ukoo wa kifafa hawaolewi huku, alisema. Hata kisimani kulikuwa na waliokataa kuchangia naye kata ya maji.

"Ulikuwa unajua tangu lini?" Zaituni aliniuliza.

"Tangu kesho yake."

Alitikisa kichwa, akaingia ndani. Nikadhani yameisha, nikasimama niondoke. Akatoka na daftari la shule na kalamu, akavipangusa unga na kuviweka juu ya kigoda.

"Niandikie," alisema. "Kwamba mama yangu alikuwa mzima. Andika kama mnavyoandika ofisini, yupo mtu anayeniposa, nataka akasomewe nyumbani kwao."

Niliandika kwa makini kuliko hati yoyote niliyowahi kuandika. Niliandika jina la Mwajuma, nyumba, kipimo cha kweli na tarehe yake, na kwamba mimi mkaguzi nilikiona kwa macho yangu nikakificha. Nikatia sahihi kwa wino, jina kamili. Zaituni aliisoma yote, midomo ikicheza. Akaigeuza nyuma, akatazama, akaigeuza tena mbele.

"Na mhuri uko wapi, mama?"

Mhuri niliukabidhi siku mliyonipa saa.